Kuengua, Kudokoa na Kupitia Juu Juu

Maongezi ya redio. Somo: Yohana 12:1–6

 

Leo tufikiri juu ya neno moja la Kiingereza ambalo magazeti yetu hulitaja mara kwa mara, yaani skimming. Neno hilo Waingereza walilipata kutoka Kifaransa cha zamani, na maana yake ya kwanza ilikuwa kuondoa povu. Siku hizi hulitumia kwa mambo mengi. Mpishi anayetoa povu kwenye supu hufanya hivyo, na mwenye ng'ombe anayetoa mafuta juu ya maziwa vilevile. Msomaji anayepitisha macho juu ya ukurasa naye hufanya hivyo, na ndege anayeruka akigusa maji kwa ubawa. Tena mwizi anayechota kidogo kidogo katika fedha za wengine, naye huitwa kwa neno lilo hilo.

Sisi katika Kiswahili tumeigawa kazi hiyo. Twasema kuengua, twasema kudokoa, na twasema kupitia juu juu. Maneno hayo ni majirani wa karibu sana. Tuyatazame moja moja, kwa maana yanatuhusu sisi wenyewe, nyumbani, sokoni, na hata kanisani.

Kwanza, kuengua. Hili ni neno la jikoni, na ni neno jema. Mama akichemsha mifupa ya supu, au maharagwe, povu hupanda juu. Huchukua upawa akaliengua na kulimwaga. Haoni haya kufanya hivyo, wala hangoji mpaka povu lizame lenyewe. Ajua ya kwamba uchafu umepanda mahali unapoonekana, na huo ndio wakati wa kuutoa.

Lakini kuna kuengua kwa namna nyingine. Maziwa yakitulia, mafuta yake hupanda juu, kwa sababu ni mepesi kuliko maji. Mwenye maziwa akiyaengua mafuta hayo apate siagi, hana kosa, maana ng'ombe ni wake na maziwa ni yake. Kosa huanza anapoyauza yale yaliyobaki kana kwamba hayakuguswa. Maziwa yaliyoenguliwa bado ni meupe, na jicho la mnunuzi halitambui.

Basi wako watu wanaopima maziwa kwa chombo kiitwacho laktomita. Chombo hicho huelea. Maziwa yakitiwa maji huwa mepesi, na chombo huzama zaidi. Maziwa yakienguliwa mafuta huwa mazito zaidi, na chombo hupanda. Sasa angalieni werevu wa binadamu: mtu huengua mafuta, kisha hutia maji, na chombo husimama palepale panapotakiwa! Amefanya makosa mawili, na la pili limelificha la kwanza. Ndugu zangu, ndivyo dhambi ifanyavyo kazi yake. Mara nyingi uongo wa pili hufuata ili wizi wa kwanza usionekane.

Pili, kudokoa. Mtoto anayedokoa nyama jikoni hachukui sufuria nzima. Huchukua kipande kidogo, kisha huutikisa mchuzi ili pengo lisionekane. Hiyo ndiyo nguvu ya kudokoa, kwamba kila mara kinachochukuliwa ni kidogo, na chombo huonekana kimejaa.

Twaijua habari hii katika vibanda vyetu. Watu wengi wa Kibera na Kawangware hununua kwa kupima: unga kwa gorogoro, mafuta ya kupikia kwa shilingi chache, maji kwa mtungi wa lita 20. Gorogoro ni mkebe wa kilo mbili. Mtu akiugonga kitako ukaingia ndani, mkebe hupungua, lakini ukiutazama kwa juu umejaa kabisa. Tuseme umepungua sehemu moja katika kumi, yaani gramu 200. Mama anayenunua gorogoro kumi kwa mwezi amelipa kumi na kupata tisa. Chakula cha watoto wake cha siku kadhaa kimedokolewa, wala hajui ni siku gani.

Tena tazameni ni nani anayedokolewa. Aliye na fedha hununua mfuko uliofungwa, wenye uzito ulioandikwa juu yake. Asiye na fedha hununua kidogo kidogo, na kipimo chake kiko mikononi mwa mwingine. Kenya tunayo Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, na mizani ya biashara hukaguliwa na kupigwa muhuri. Lakini mkaguzi hawezi kusimama katika kila kibanda. Nabii Amosi, katika sura ya 8, aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo na kuongeza bei ili wamnunue maskini. Neno hilo lingali linatufaa.

Kuna pia kudokoa kwa mitambo. Mwizi hubandika kifaa kwenye mdomo wa mashine ya kutolea fedha, na kadi ikipita, kifaa hunakili habari zilizo katika ule utepe mweusi. Mwenye kadi hurudishiwa kadi yake nzima, akaenda zake kwa amani, huku mwizi ametengeneza nyingine inayofanana nayo. Kwa ajili hiyo mabenki yetu yalibadili kadi na kutia kadi zenye chipu, ambazo si rahisi kunakili. Hata hivyo, ufikapo kwenye mashine, ushike mdomo wake uone kama umelegea, na uufunike mkono wako unapobonyeza namba ya siri.

Sasa turudi kwenye somo letu. Katika Yohana 12 Mariamu alimpaka Bwana marhamu ya thamani kubwa. Yuda Iskariote akauliza kwa nini isiuzwe kwa dinari mia tatu, wakapewa maskini. Katika Mathayo 20 twaona ya kwamba dinari moja ilikuwa mshahara wa kibarua kwa siku. Basi dinari mia tatu ni kama kazi ya mwaka mzima. Yohana atuambia wazi kwamba Yuda hakuwajali maskini. Yeye ndiye aliyeshika mfuko, na alikuwa na desturi ya kuchukua vilivyotiwa humo.

Yafikirini hayo. Yuda hakuanza na vipande thelathini vya fedha. Alianza kwa kudokoa mfukoni, huku akiyataja maskini kwa kinywa chake. Na wale wenzake kumi na mmoja walitembea naye, wakala naye, wala hawakujua.

Hapo twafika kwenye neno la tatu, kupitia juu juu. Mtu akisoma gazeti ndani ya matatu, hupitia juu juu, na hana kosa. Lakini yako maandiko ambayo haifai kuyapitia hivyo. Katika mkutano wa mwaka, mweka hazina husimama na karatasi. Asoma haraka: mapato kadha, matumizi kadha, baki kadha. Mwenyekiti auliza, “Tumekubali?” Wote tukajibu, “Tumekubali!” Kisha twasimama kuimba. Je, ni nani aliyesoma? Hakuna! Tumepitisha macho juu ya karatasi kama mbayuwayu anavyopita juu ya maji.

Hili ndilo nitakalo mlishike leo: kudokoa huishi kwa sababu ya kupitia juu juu. Anayedokoa ni mmoja, lakini wanaomruhusu ni wengi, nao huiita desturi yao upendo, au heshima kwa mzee. Twasema, “Tukiuliza, tutaonekana hatumwamini.” Kwa hiyo twanyamaza, na povu latulia chunguni.

Hasara yake si ndogo. Mnamo Januari 2003 Serikali ya Kenya ilifuta karo za shule za msingi, na watoto wa mitaa yetu wakamiminika darasani, wengine wakiwa wakubwa mno kwa madawati waliyopewa. Wafadhili wa nchi za nje wakasaidia kulipia vitabu. Mwaka 2009 ikafunuliwa ya kwamba sehemu ya fedha za elimu imeliwa, na mwezi wa Desemba mwaka huo Uingereza ikasimamisha msaada wake kwa mpango huo. Waliodokoa walikuwa watu wazima, bali aliyeadhibiwa ni mtoto.

Wala katika nyumba ya Mungu si ajabu. Wana wa Eli, katika 1 Samweli 2, walituma mtumishi mwenye uma wa meno matatu achome ndani ya chungu cha mtu aliyeleta sadaka, na kila kilichotoka kikawa chao. Matokeo yake ni kwamba watu waliidharau sadaka ya Bwana. Mahali sadaka inapodokolewa, watu huacha kutoa, na walio wadogo huacha kuamini.

Tufanye nini basi? Biblia haituambii tumtafute mtu asiyejaribiwa. Inatufundisha kutomwacha mtu peke yake na mfuko. Katika 2 Wafalme 12, siku za mfalme Yoashi, kuhani Yehoyada alitoboa tundu katika kifuniko cha kasha, akaliweka karibu na madhabahu. Fedha zilipokuwa nyingi, walikuja wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wakazihesabu pamoja. Ezra naye, katika sura ya 8, alizipima fedha na dhahabu kabla ya safari, na zikapimwa tena Yerusalemu. Hata Paulo, katika 2 Wakorintho 8, alituma ndugu kadhaa pamoja na mchango, ili mtu asipate neno la kumlaumu.

Akina mama wa vikundi vya akiba wanaufahamu sana ujuzi huu. Mpango wao ulianzia nchi ya Niger mwaka 1991, ukaenea Afrika nzima. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu, wala halifunguliwi ila mbele ya wote. Kila mmoja ana kitabu chake, na hesabu husemwa kwa sauti. Hakuna anayeona kwamba ametukanwa.

Na kanisani tufanye vivyo hivyo. Sadaka ihesabiwe na watu wawili au zaidi siku ileile, waandike na kutia sahihi. Tangu mwaka 2020, makanisa yalipofungwa kwa ajili ya korona, sadaka nyingi hupitia simu. Basi namba hiyo isiwe ya mtu mmoja, bali ya kanisa, na zaidi ya mtu mmoja waone kilichoingia na kilichotoka. Karatasi ya hesabu igawanywe juma moja kabla ya mkutano. Tena muulizeni mweka hazina kwa upole. Mweka hazina mwaminifu hufurahi kuulizwa, kwa sababu maswali yenu ndiyo ngao yake siku ya uvumi.

Labda ninasema na wewe unayeshika mfuko wa kikundi. Mtoto aliugua usiku, ukachukua shilingi mia tano ukasema, “Nitarudisha Ijumaa.” Ijumaa ikapita. Ukachukua tena. Sasa unaogopa mkutano, na tayari unatafuta maji ya kutia ndani ya maziwa. Ndugu yangu, usiyatie! Zakayo alisimama mbele ya Bwana akaahidi kurudisha mara nne, na siku ileile wokovu ukaingia nyumbani kwake. Nenda leo kwa mchungaji wako, au kwa mwenyekiti wako, umwambie kiasi chenyewe. Utaona haya kwa siku moja, lakini utalala usingizi.

Nanyi wengine, msimpokee kwa mawe. Mwenyeni povu, lakini chungu msikivunje.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uonaye hata vilivyofichwa chini ya mkebe, tusamehe sisi tuliodokoa, na sisi tuliopitia juu juu. Utupe macho ya kusoma na ujasiri wa kuuliza. Uwalinde maskini wanunuao kwa kupima, na mikono ya wote wanaoshika mifuko ya wengine. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.