Jointi Isiyoonekana

Mwenye nyumba akionyeshwa dari mpya ya jipsamu, hutazama taa na mapambo. Mimi huenda dirishani. Jua la jioni linapoingia kwa kulala, hupita juu ya dari na kutoa kivuli kwenye kila mwinuko, hata ule ambao kiganja hakiuhisi. Saa sita mchana dari hiyohiyo ingeonekana safi.

Hapa Dar es Salaam jipsamu imeingia kila mtaa, na vijana wengi wanataka kujifunza kazi hii. Karibu wote huja na imani moja: paka puti nene, msasa utamaliza. Hiyo imani ndiyo ninayopambana nayo. Dari laini hutengenezwa na skrepa na kusubiri. Msasa huja kufuta alama ndogo tu.

Kwanza mtu aielewe bodi yenyewe. Ya kawaida ina upana wa meta 1.2 na urefu wa meta 2.4. Kingo zake ndefu zimepunguzwa unene kiwandani, ili bodi mbili zikikutana pabaki bonde la kupokea utepe na puti. Kingo fupi, na zile unazokata mwenyewe, hazina bonde hilo. Hapo chochote utakachopaka kitakaa juu ya bodi. Mwinuko hauondoki, unachoweza ni kuutandaza, sentimeta 30 kila upande au hata zaidi, mpaka mteremko uwe mdogo kiasi kwamba jicho haliushiki. Kwa hiyo skrepa moja haitoshi. Ya inchi 6 inalaza utepe, ya 10 inapaka mkono wa pili, ya 12 inamalizia.

Kati ya mkono na mkono, acha pakauke. Puti inayokauka kwa hewa hunywea maji yanapotoka. Ukipaka mkono wa pili wakati wa kwanza una unyevu, utaona pako sawa leo, halafu jointi itazama rangi ikishapakwa. Kwa kawaida tunasema saa 24, lakini masika ya Dar haijui saa. Gusa kwa kiganja: pakiwa baridi, na rangi yake imekoza kuliko pembeni, bado.

Poda inayochanganywa na maji ikaganda yenyewe ina tabia nyingine. Ile haikauki tu. Inashika maji na kujenga fuwele upya, ndiyo maana ndoo hupata joto. Ikianza kuganda usiiongeze maji, itakuwa dhaifu. Na osha ndoo kila mara, kwa sababu mabaki yaliyoganda huharakisha mchanganyiko unaofuata. Nimeona vijana wakilaumu poda kuwa mbovu, kumbe ndoo haijaoshwa tangu asubuhi.

Sasa msasa. Anza na namba 120 kama pana mistari ya skrepa, vinginevyo 150 inatosha, kisha 220. Funga msasa kwenye kibao bapa. Vidole vitupu huchimba mabonde. Shika tochi karibu na dari, mwanga upite kwa ubavu, na usugue pale kivuli kinapokuonyesha. Ukifika pembeni mwa puti, punguza mkono. Msasa ukigusa karatasi ya bodi, karatasi huota manyoya, na rangi huyagandisha yakaonekana milele.

Kuhusu vumbi sitaki mzaha. Vumbi hili ni jepesi, linaelea, na fundi wa dari analipokea usoni. Ndani yake kunaweza kuwa na talki, maika, na wakati mwingine silika, ambayo huharibu mapafu. Zamani puti nyingine zilikuwa hata na asbesto; huko Marekani, puti za kuzibia za namna hiyo zilipigwa marufuku mwaka 1977. Taasisi ya usalama na afya kazini ya nchi hiyohiyo, NIOSH, ilipima mashine za msasa zinazofyonza vumbi ikaona zinapunguza vumbi kwa asilimia 80 hadi 97. Sisi wengi hatuna mashine hizo. Lakini msasa wa mpini mrefu unakuweka mbali na vumbi, sponji yenye unyevu inalizuia kuruka, na barakoa nzuri inayobana uso ina bei ndogo kuliko matibabu ya kifua. Kitambaa kilichofungwa puani si barakoa. Anayemtuma kijana wa miaka kumi na minane asugue dari siku nzima na kitambaa hicho anamdhulumu.

Vumbi likifutwa, paka praima. Puti na karatasi hunywa rangi kwa viwango tofauti. Bila praima jointi itang'aa tofauti hata ikiwa bapa kabisa. Mama au baba mwenye nyumba, hapo ndipo pa kuja na tochi yako, kabla ya rangi ya mwisho na kabla ya kumaliza kulipa. Weka alama ya penseli penye kivuli. Fundi mzuri hatakasirika. Atachukua skrepa ya inchi 12 na kurudia.