Kaitaba hujaa, lakini timu ni ya nani?

Mei 19, 2018 Simba walikuwa wamejiandaa kwa sherehe. Rais John Magufuli alikuwapo Uwanja wa Taifa kukabidhi kombe, na Wekundu hao hawakuwa wamepoteza mchezo hata mmoja wa ligi msimu ule. Wageni wao walikuwa Kagera Sugar. Dakika za lala salama Edward Christopher akaifungia Kagera. Simba wakapata penalti, akaenda kupiga Emmanuel Okwi, na Juma Kaseja, kipa aliyejijengea jina Msimbazi, kwa Simba wenyewe, akaipangua. Moja bila. Ukitaka kahawa ya mzee wa Bukoba ipoe kikombeni, mkumbushe mchezo ule.

Wanankurukumbi, kama Kagera Sugar wanavyoitwa, hawakubahatisha. Aprili 2, 2017 walikuwa wameshaifunga Simba 2-1 pale Kaitaba, uwanja wao wa Bukoba, na msimu wa 2018/19 wakawafunga mabingwa hao nyumbani na ugenini. Cha ajabu, msimu huohuo walinusurika kushuka daraja kwa mechi za mchujo dhidi ya Pamba. Januari 2022 ikawa zamu ya Hamis Kiiza, Mganda aliyewahi kuzivaa jezi za Simba na Yanga zote mbili: bao lake moja Kaitaba likatosha.

Kaitaba si uwanja wa mpira tu. Baada ya tetemeko la Septemba 10, 2016, na tena Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani na kuua watu 19, watu wa Bukoba walikusanyika pale kuwaaga ndugu zao. Nyasi bandia zilizowekwa kwa msaada wa FIFA ziliwagharimu mashabiki uvumilivu, maana wakati wa ujenzi timu ililazimika kucheza "nyumbani" mikoa mingine, ikiwemo Shinyanga.

Lakini mpira wa Kagera hauishii mjini. Shika barabara ya Muleba, kama kilometa 70, upite Kemondo na Muhutwe, na jioni yoyote isiyo ya mvua utaona vijana uwanjani: viwanja vya shule, viwanja vya misheni, vingine vyenye mteremko kiasi kwamba timu inayoshinda kura huchagua kushambulia kuelekea bondeni. Ndondo za huku zinachezewa mbuzi, seti ya jezi, mipira. Kamachumu na Nshamba wakikutana, habari haiwi mbuzi tena. Mabishano makali huwa ni juu ya mamluki: kijana aliyekuja likizo kutoka Mwanza, ni wa kijiji hiki au amekodiwa? Watu hubishana hivyo kwa sababu timu ni yao. Wao ndio waliochanga nauli ya Hiace, na wao ndio waliomnunulia kipa glovu.

Timu kubwa ya mkoa haijawahi kuwa hivyo. Zamani ilikuwapo RTC Kagera, timu ya kampuni ya biashara ya mkoa. Biashara za umma zilipokufa, timu ikafa nazo. Kagera Sugar ni mali ya kiwanda cha sukari kilichoko Missenyi, na bila fedha za kiwanda hicho tusingekuwa na Ligi Kuu kwa karibu miongo miwili. Ninakishukuru kwa dhati. Hata hivyo shabiki wa Muleba hana kadi ya uanachama wala kikao cha kuhoji. Simba au Yanga wakija, Kaitaba hufurika, na nusu ya waliofurika wamevaa jezi za wageni. Ndiyo maana msimu wa 2024/25 ulipoishia kwa kushuka daraja, huku kocha akiwa Kaseja yuleyule wa penalti ya Okwi, niliona huzuni, lakini sikuona mtu anayejiona mwenye mali iliyopotea.

Wenzetu wa raga, mchezo ambao huku haujaota mizizi, wana la kutufundisha. Klabu ya Nondescripts ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1923. Imevuka karne kwa sababu ni klabu ya wanachama: mchezaji akistaafu hubaki kulipa ada, kufundisha vijana na kusimamia bajeti.

Kagera Sugar wanaweza kuanza na kidogo: matawi yenye kadi Muleba, Karagwe na Biharamulo, mechi ya maandalizi Zimbihile, Muleba, kabla ya msimu, mtu wa kutafuta vipaji kwenye ndondo za Kamachumu badala ya kusubiri wachezaji walioachwa na timu za Dar es Salaam. Wakati mzuri ni wa dhiki. Championship, daraja walikoshukia, haina Simba wala Yanga wa kujaza jukwaa. Atakayelipa kiingilio Kaitaba kwa mechi za daraja hilo atakuwa amewafuata Wanankurukumbi wenyewe.