Mkalamu: Pamba uzio, linda watoto

Si lazima ununue maua ya kigeni ili nyumba ipendeze. Kwa familia za Nyegina na kwingineko Mara, mkalamu ni mmoja wa mimea ya asili inayofaa kupamba uzio msimu wa mvua. Huota wenyewe vichakani sehemu nyingi za Tanzania. Utautambua kwa maua mekundu na njano, yenye petali 6 zilizopinda kuelekea nyuma kama ndimi za moto, na kwa ncha za majani zinazojiviringisha kwenye chochote kilicho karibu. Zimbabwe wamelifanya ua lao la taifa.

Lakini mzazi, kabla hujachimba shimo, jua hili: mmea wote una sumu, kuanzia kiazi chake cha chini hadi mbegu. Kiazi ndicho cha kuogopwa zaidi, kwa kuwa mtu anaweza kukidhania kiazi kitamu au kiazi kikuu. Usitegemee kuchemsha kuondoe sumu hiyo.

Kama nyumbani kuna mtoto anayeweka kila kitu mdomoni, subiri akue. Kwa sasa panda thunbergia, mmea mwingine wa Afrika Mashariki unaotambaa, wenye maua ya rangi ya chungwa na jicho jeusi katikati. Huota kwa mbegu na hukua haraka.

Watoto wakishaweza kuelewa onyo, panda mkalamu hivi:

• Chagua sehemu yenye jua isiyotuamisha maji, mbali na bustani ya viazi na njia ya mbuzi.

• Vaa glavu. Laza kiazi kwenye shimo la sentimita 5 hadi 10, bila kuvunja ncha inayochipua.

• Weka nguzo au wavu wa kupandia.

• Kata matunda kabla hayajapasuka. Mbegu zake nyekundu huvutia watoto.

• Kiangazi majani hukauka, kiazi kikabaki ardhini. Weka alama ya mawe ili anayelima asikichimbe.

Mtoto akila sehemu yoyote, usisubiri atapike au aharishe. Dalili huweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Usimlazimishe kutapika. Mwahishe hospitali, na ubebe kipande cha mmea ili daktari ajue anachotibu.