Kupunguza kanzu za marehemu kwa ajili ya watoto: haki kwanza, mkasi baadaye

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), Ahli zake na Masahaba zake.

Tumeulizwa na dada yetu mmoja wa hapa Unguja. Mume wake amefariki mwezi uliopita na kumwachia wavulana wawili, wa miaka 12 na 9, na binti wa miaka 7. Wazee wa marehemu walishatangulia mbele ya haki. Kabatini mna kanzu saba na suruali kadhaa. Idi inakaribia, pesa ya fundi hana, lakini cherehani anayo na kushona anajua kidogo. Anataka kuzipunguza nguo zile ziwafae watoto. Jirani amemwambia nguo za maiti hazikatwi, hutolewa sadaka. Shemeji yake naye anadai kuwa nguo za mwanamume ni za ndugu zake. Je, afanye nini?

Nguo hizo ni za nani?

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu na ampe subira mjane wake. Kuhusu suala lenyewe, alichoacha maiti ni mirathi, kikiwa nyumba au kanzu. Hutolewa kwanza gharama za kumzika, kisha hulipwa madeni yake, kisha hutekelezwa wasia wake usiozidi theluthi, na kinachobaki hugawiwa warithi.

Kwa hivyo shemeji hana haki katika nguo hizi, kwani mtoto wa kiume wa marehemu humzuia ndugu asirithi. Jirani naye, ingawa nia yake ni njema, amekosea. Hakuna dalili inayokataza kuvaa au kukata nguo za maiti. Sadaka ni jambo jema, lakini hutolewa katika mali ya mtoaji mwenyewe. Hapa sehemu kubwa ni ya mayatima, na hakuna mwenye ruhusa ya kuitoa sadaka mali yao, hata mama yao.

Mjane ana thumni, yaani moja ya nane. Kinachobaki ni cha watoto, mvulana kwa sehemu ya wasichana wawili. Tuchukue mfano kwamba nguo zote zimethaminiwa kwa shilingi 80,000. Mama atapata 10,000, kila mvulana 28,000 na binti 14,000. Basi kanzu wakizichukua wavulana, ihesabiwe kuwa ni katika fungu lao, na binti afidiwe haki yake katika kitu kingine cha mirathi. Tunalisisitiza hili kwa sababu ndilo linalosahauliwa majumbani mwetu. Nguo za baba huenda kwa wavulana, na binti haulizwi kwa kuwa kanzu hazimfai. Haki yake haifutiki kwa sababu ni ndogo, au kwa sababu yeye ni mdogo.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, baba na babu wakiwa hawapo, msimamizi wa mali ya watoto ni yule aliyeusiwa na marehemu, na kama hakuna, ni Kadhi. Basi dada yetu apate idhini ya Kadhi wa wilaya yake kabla ya kushika mkasi. Kwa kuwa yumo edani, anaweza kumtuma mtu wake. Akihitajiwa mwenyewe, kutoka mchana kwa haja kunaruhusiwa. Kushona akiwa edani hakuna ubaya, kwani alichokatazwa ni yeye kujipamba.

Nguo iwe vipi?

Kushona na kutia viraka si kazi ya unyonge. Bibi Aisha (R.A) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W) akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake mwenyewe nyumbani. Katika kupunguza, yaangaliwe mambo matatu.

La kwanza ni urefu. Kanzu ya mwanamume isivuke vifundo vya miguu. Kuiburura kwa kibri ni haramu, na bila ya kibri ni makuruhu kwa wanavyuoni wetu wa Kishafi. Vijana wengi hukunja suruali mlangoni mwa msikiti, ilhali imepokewa katika Bukhari na Muslim makatazo ya kukunja nguo ndani ya Sala. Sala yao inasihi, lakini ni makuruhu. Pindo lililoshonwa nyumbani linawaondolea tatizo hilo.

La pili ni mikono. Mtume (S.A.W) katika safari ya Tabuk alivaa juba la Sham lenye mikono myembamba. Alipotaka kutawadha haukupandishika, akalazimika kuitoa mikono yake kwa chini. Kwa hivyo mkono wa kanzu usibanwe hadi mtoto ashindwe kufikisha maji kwenye kiwiko.

La tatu ni sitara. Uchi wa mwanamume katika Sala ni baina ya kitovu na magoti, nyuma na mbele. Suruali inayoshuka kiunoni mtu anaposujudu inaweza kumharibia Sala yake. Inayobana bila kuonyesha rangi ya ngozi haibatilishi, lakini ni makuruhu.

Namna ya kupunguza

Nguo ifuliwe na ikaushwe kwanza, kwani pamba hurudi. Mtoto aivae, asimame wima akitazama mbele, maana akiinama kujitazama kipimo hubadilika. Alama itiwe kwa kipande cha sabuni kikavu, chini ya kifundo pasifikwe.

Pindo lisikatwe, likunjwe kwa ndani. Kanzu ya mtu mzima ina ziada kubwa, na ukunjo mmoja ukiwa mzito, kitambaa kikunjwe mara mbili au ufichwe ukunjo mwingine kwa ndani usawa wa kiuno. Mtoto anakua, na mwakani mama atafumua na kuishusha. Vilevile nguo isiyokatwa haipungui thamani, na hiyo ni mali ya yatima.

Upana upunguzwe ubavuni, kutoka kwapani kwenda chini, pande zote mbili sawasawa. Mabega ndiyo kazi ngumu, kwani mkono hufumuliwa, bega likapunguzwa, kisha mkono ukarudishwa. Asiye na uzoefu ayaache, kwani kanzu asili yake ni pana.

Kabla ya cherehani, apige bandi kwa mkono. Kisha mtoto aivae, arukuu, asujudu na anyanyue mikono kama anayetawadha. Ikivuta popote, bandi hufumuliwa kwa dakika moja. Ikikaa vizuri, ndipo ishonwe.

Basi dada yetu asiwe na wasiwasi. Akishalipa madeni ya marehemu, akapata idhini na akamhifadhia binti haki yake, watoto wavae kanzu za baba yao siku ya Idi na wamwombee dua. Mwenyezi Mungu awakuze katika kheri.

Wallahu a'lam.