Mboga Nzuri kwa Macho, Je, ni Salama kwa Mwana?

Mola ametuamrisha kula kilicho halali na kizuri. Uhalali wa nyama twauchunga sana. Je, mboga za uani?

Yaliyowapata jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, ni funzo. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichafua mtaa kwa madini ya risasi. Madini hayo hayaozi. Hukaa ardhini miaka na miaka, na huharibu akili za watoto, hata waliomo matumboni.

Wataalamu wa kilimo hutumia madini mema kuyazuia mabaya. Chokaa hupunguza uchachu wa udongo, ndipo risasi na kadimi zikashikamana na udongo, zisipande mizizini kwa wepesi. Zinki hugombania na kadimi njia ya kuingia mzizini. Majivu ya makapi ya mpunga yana silika, ambayo huupa mmea nguvu ya kustahimili.

Lakini tahadhari! Mmea uliosaidiwa huweza kusitawi ilhali sumu imo ndani ya jani. Siha ya mmea si siha ya mlaji.

Basi, palipokuwa na gereji au kazi ya betri, usipande mchicha wala muhogo. Panda kwengine, au katika magunia ya udongo safi, na uoshe majani vumbi litoke. Watoto ni amana, na tutaulizwa tuliwalisha nini.

Wallahu aalam.