Mtoto mgeni darasani asiachwe benchi la nyuma



Familia nyingi za kambini, iwe Nakivale au Kyaka II, zina jamaa zao Kampala, na wengine huhamia huko na watoto wadogo. Mtaa mmoja wanaofikia ni Ggaba, kando ya Ziwa Victoria, penye soko na mwalo wa mitumbwi. Darasa la nasari la huko laweza kuwa na mtoto wa Kiganda, Mkongomani anayesema Kiswahili, Mnyarwanda na Msudani Kusini, wote wa miaka mitatu hadi mitano. Haya ninayoandika yanafaa pia kwa madarasa ya hapa kambini, maana na sisi tumechanganyika.

Kwanza mjue haki yenu. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inasema mtoto mkimbizi atendewe sawa na mwenyeji katika elimu ya msingi. Lakini nasari nyingi ni za watu binafsi na hutoza karo. Ulizeni bei yote kabla ya kununua sare.

Tatizo la kwanza ni lugha. Mtoto mgeni anaweza kukaa kimya wiki nyingi, hata miezi. Wazazi wengine huanza kusema amelogwa, au ni mjinga. Hapana, anasikiliza. Kama nyumbani anaongea na kucheza vizuri, mpeni muda, na msiache kuongea naye lugha yenu. Ila kuna jambo dogo linalotesa watoto: mtoto anajikojolea darasani, wenzake wanamcheka, kesho hataki kwenda. Mara nyingine si ugonjwa, hajui tu jinsi ya kuomba choo. Kabla ya siku ya kwanza mfundisheni Kiganda kidogo: kaabuyonjo ni choo, nsaba amazzi ni naomba maji, jangu ni njoo, tuula ni keti. Mwonyesheni pia kwamba embuzi ni mbuzi, ennyama ni nyama, omuti ni mti. Atafurahi kuona kwamba anajua kitu tayari!

Na mwalimu afanye nini? Kwa maoni yangu, kosa kubwa ni kuwakusanya wageni wote pamoja nyuma. Hapo wataongea wao kwa wao, na wenyeji watawaita jina la kabila badala ya majina yao. Mwalimu aulize mtoto anaitwaje nyumbani, alitamke vizuri, kisha amkalishe karibu na mwenyeji mwenye maneno mengi. (Hao hawakosekani katika darasa lolote.) Akiimbisha wimbo mmoja wa Kiswahili kwa wiki, watoto wa Kiganda nao watakuwa wanafunzi siku hiyo.

Sasa niseme kuhusu afya, kwa sababu watoto wengine wanaitwa wakaidi kumbe hawasikii. Simama nyuma ya mtoto, asikuone, umwite kwa sauti ya chini. Asipogeuka, rudia siku nyingine, kisha mpeleke kituo cha afya. Sikio linalotoa usaha likiachwa laweza kuharibu usikivu. Likaushe kwa kitambaa safi kilichosokotwa, usitie mafuta wala maziwa, na umpeleke mtoto atibiwe. Wakati huo mwalimu amkalishe mbele, na aongee akimtazama usoni. Mtoto asiyeona vizuri ubaoni naye akae mbele.

Kifafa ndicho kinachofukuzisha watoto shuleni zaidi kwa hofu tu. Kifafa hakiambukizi, wala povu lake haliambukizi. Mtoto akianguka, ondoa vitu vigumu karibu naye, mlaze ubavu, legeza nguo shingoni, usimfunge wala kumtia kijiko mdomoni. Ikizidi dakika tano, mkimbize hospitali. Dawa za kifafa zipo, na anayezimeza kila siku kama alivyoagizwa anaweza kusoma na wenzake.

Kwa hiyo mama au baba, siku ya kuandikisha mtoto mwambie mwalimu waziwazi kama anaanguka, hasikii vizuri, au anaogopa kelele kwa yale aliyoyaona vitani. Msifiche mkidhani atakataliwa. Mwalimu asiyejua ndiye atakayemchapa. Na kama shule inamkataa mtoto kwa sababu hiyo, tuambieni sisi wahudumu wa afya tunaopita nyumba kwa nyumba, twende pamoja kuongea na mwalimu mkuu.