Unaandika Python? Usisahau komenti, abiria asije akaachwa na treni

Tabora ni njia panda ya Reli ya Kati. Njia moja inakwenda Kigoma, kwa kiasi kikubwa ikifuata njia ya zamani ya misafara, nyingine inakwenda Mwanza.

Tuseme unatengeneza programu ya kubadili ratiba ya treni kuwa saa za Kiswahili. Kwa Python, hesabu ni mstari mmoja tu:

saa = (saa - 6) % 12 or 12

Saa 19:00 inakuwa saa 1. Safi. Lakini mstari huo hausemi kwa nini ni 6.

Mwakani, mwenzako kwenye timu anaukuta. Anajua Tanzania iko saa 3 mbele ya saa ya dunia (UTC), anadhani 6 imekosewa, anaweka 3. Programu hailalamiki. Ila sasa 19:00 inasomeka saa 4, na abiria anafika stesheni wakati treni imeondoka saa tatu zilizopita.

Komenti ingezuia hilo:

# Saa ya Kiswahili: 7:00 ni saa 1 asubuhi.
# Hii 6 siyo tofauti ya UTC, usiibadili.
saa = (saa - 6) % 12 or 12  # 0 isomeke 12

Inafanyaje kazi?

Python ikikuta alama ya #, inaruka kila kilichobaki kwenye mstari huo, isipokuwa alama ikiwa ndani ya maandishi yenye nukuu. Komenti ni ya binadamu, siyo ya kompyuta.

Zingatia haya

- Eleza sababu. Kuandika "# toa 6" hakusaidii, kila mtu anaona.
- Acha nafasi moja baada ya #. Komenti ikikaa mwisho wa mstari wa msimbo, itanguliwe na nafasi mbili au zaidi.
- Ukibadili msimbo, badili na komenti yake. Komenti inayodanganya ni mbaya kuliko kutokuwa nayo.

Kiswahili au Kiingereza?

PEP 8, mwongozo wa uandishi wa Python ulioanza mwaka 2001, unashauri Kiingereza, labda uwe na uhakika wa asilimia 120 kwamba msimbo hautasomwa na wasiojua lugha yako.

Kwa hiyo kama timu yako nzima inaongea Kiswahili na msimbo unabaki kwenu, andika Kiswahili bila wasiwasi. Ukipanga kuuweka wazi mtandaoni, tumia Kiingereza.